Gari Lililoinuliwa Lahitaji Hesabu Kabla ya Injini

Katika gereji zetu hakuna neno linalotwikwa mzigo mzito kama neno "nguvu". Gari likishindwa kupanda mlima, husemwa halina nguvu. Likipitwa na mengine barabarani, halina nguvu. Likikwama matopeni, vilevile halina nguvu. Dawa inayopendekezwa nayo huwa ni moja tu: tafuta injini kubwa. Mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Hata hivyo, mtu wa isimu hana budi kusema aonapo neno moja likibebeshwa maana tatu, hasa pale mkanganyiko huo unapowagharimu watu fedha na pengine roho zao.

Suala hili limepata uzito kwa kuwa mtindo wa kuinua magari na kuyavisha matairi makubwa si wa wapenzi wa mashindano pekee. Walimu kadha wanaofundisha katika sehemu kame wamewahi kuniuliza swali hili: shule ikiliinua gari lake ili livuke mito ya msimu, ile iitwayo laga, na ikalitia matairi ya inchi 33 mahali pa yale ya inchi 30, je, ifunge injini ya ukubwa gani? Jibu langu ni kwamba swali hilo limeanzia mwisho. Ukubwa wa injini ndio unaofaa kuulizwa baada ya mengine yote, yaani tairi, gia, breki na mzigo.

Tuanze kwa kutenganisha maana. Kuna ujazo, yaani nafasi ambayo pistoni husafiri ndani ya silinda. Huo ndio unaoandikwa kwa "cc" katika kitabu cha gari. Kuna msokoto, yaani nguvu ambayo injini huitumia kuuzungusha mtaimbo wake. Halafu kuna nguvu kwa maana yake halisi, yaani wepesi wa kuitenda kazi hiyo, ambayo hupimwa kwa nguvu za farasi au kilowati. Matatu haya yana udugu, lakini si kitu kimoja. Injini ya dizeli ya Toyota ya lita 4.2 isiyo na tabo, iliyofungwa katika Land Cruiser nyingi tangu 1990, hutoa msokoto usiofika nyutonimita 300. Injini ya lita 2.8 yenye tabo, ya kampuni hiyohiyo, hufikia nyutonimita 500 inapounganishwa na giaboksi ya otomatiki. Mdogo amemzidi mkubwa. Anayenunua kwa kutazama "cc" pekee ananunua tarakimu, wala hanunui kazi.

Sasa tulitazame tairi. Aliyewahi kuteka maji kwa roda anajua kwamba kamba ikizungushwa kwenye gogo nene, ndoo hupanda upesi lakini mkono huchoka. Ikizungushwa kwenye gogo jembamba, ndoo hupanda polepole na mkono hupumua. Tairi kubwa ni gogo nene. Kadiri ardhi inavyokuwa mbali na kitovu cha gurudumu, ndivyo msokoto uleule unavyosukuma kwa uhafifu zaidi. Kutoka inchi 30 hadi 33 ni ongezeko la asilimia 10. Chukua gari ambalo uwiano wa difu yake ni 4.1. Kwa tairi jipya litajiendesha kana kwamba uwiano huo ni 4.1 ukigawanywa kwa 1.1, yaani takriban 3.7. Gia zote zimekuwa ndefu, hata ile ya kwanza, na dereva hulazimika kuisugua klachi kila aondokapo mahali penye mawe. Spidomita nayo hudanganya: inaposoma kilomita 80 kwa saa, gari liko katika 88.

Dawa ya ugonjwa huu ni ipi? Aghalabu si injini. Zidisha 4.1 kwa 1.1, upate 4.51. Difu yenye uwiano wa 4.56, ambao hupatikana kwa magari mengi ya aina hii, italirudishia gari karibu tabia yake yote ya awali. Sharti ni moja: difu ya mbele na ya nyuma zilingane, la sivyo mitambo itavutana wakati magurudumu yote manne yanapofanya kazi. Gharama yake si ndogo, lakini aghalabu haikaribii ile ya kung'oa injini na kufunga nyingine.

Injini kubwa ikifungwa bila hesabu hii, matatizo huhama tu. Msokoto wake mkubwa hupitia klachi, giaboksi na shafti zilizoundwa kwa injini ndogo, na kamba hukatikia pabovu. Uzito huongezeka mbele. Mafuta huliwa zaidi. Na lililo kubwa kuliko yote ni kwamba injini kubwa haiongezi breki. Tairi lililoongezeka kwa asilimia 10 huzidai breki msokoto zaidi kwa kiasi hichohicho ili gari lisimame umbali uleule, na hiyo ni kabla ya kuhesabu uzito wa tairi lenyewe. Katika mteremko, zile gia zilizokuwa ndefu hupunguza msaada wa injini katika kulizuia gari. Gari la namna hiyo, likiwa limebeba wanafunzi, halikosi nguvu ya kwenda. Linakosa nguvu ya kusimama.

Sisemi kwamba injini haina maana. Yako mazingira ambamo lazima ifikiriwe. Injini isiyo na tabo huvuta hewa iliyopo, na hewa hupungua kadiri tunavyopanda. Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, msukumo wa hewa umepungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Timboroa, panapozidi mita 2,700, upungufu huo ni mkubwa zaidi. Anayefanya safari zake katika nyanda hizo akiwa na mzigo atafaidika kwa dizeli yenye tabo ya lita 2.5 hadi 3, difu zikisharekebishwa. Bali anayetembea polepole karibu na Lodwar, palipo takriban mita 500 tu, anaweza kuridhika na ile dizeli kuukuu ya lita 4.2, kwa kuwa mitambo yake ni sahili na hutengenezeka mbali na mji.

Historia yenyewe inatufunza. Land Rover ya kwanza ilipotokea mwaka wa 1948 ilikuwa na injini ya lita 1.6 tu. Iliyafikia mashamba na majangwa kwa sababu ilikuwa na gia za chini zilizouzidisha msokoto huo mdogo. Na hapa kwetu, katika mashindano ya Rhino Charge yaliyoanza 1989, ushindi haupimwi kwa kasi, bali kwa kuvifikia vituo vyote kwa mwendo mfupi kuliko wengine.

Kuhusu kuinua kwenyewe, neno "kuinua" nalo hutuhadaa. Kuinua bodi na springi hakuinui difu hata kidogo, na difu ndiyo igongayo mawe. Difu huinuliwa na tairi peke yake, tena kwa nusu ya ongezeko: inchi tatu za tairi hutupa inchi moja na nusu tu. Kila kinachosalia huinua kitovu cha uzito, na gari lenye kitovu kilicho juu hupinduka kwa wepesi zaidi.

Kwa hivyo, ushauri wangu kwa kamati za shule ni huu. Chagueni tairi dogo kabisa litakaloifanya kazi iliyopo. Rekebisheni difu, breki na spidomita kabla ya gari kubeba mtoto yeyote. Kisha lijaribuni likiwa na mzigo wake wa kawaida katika mlima wenu wa kawaida. Likishindwa hapo, ndipo muulizie injini, tena muulize msokoto wake na si "cc" zake.

Nanyi walimu wa hesabati na fizikia, hili ni somo lililo tayari, linalohitaji futi ya kupimia, chaki na gari lililoegeshwa uani. Mwanafunzi atakayekokotoa mwenyewe kwamba 80 imegeuka 88 hatasahau uwiano ni nini. Na atakapokuwa mzazi katika kamati ya shule, fundi akamwambia kwamba gari halina nguvu, atajua kumuuliza: nguvu ipi?