Kuaga Jamii ya Mashabiki Mtandaoni: Uchambuzi wa Kufungwa kwa City of Heroes, 2012–2024

Ikisiri

Makala hii inafafanua jinsi jamii ya mashabiki iliyoishi mtandaoni kwa miaka mingi inavyoagwa pale mahali pake panapofungwa. Mfano mkuu ni mchezo wa mtandaoni wa City of Heroes, uliofunguliwa Aprili 2004 na kufungwa tarehe 30 Novemba 2012. Kwa kutumia mkabala wa van Gennep (1909) kuhusu kaida za mpito, makala inaonesha kuwa kuaga kwa aina hii kunatekeleza kazi tatu: kushuhudia, kugawana mirathi na kuelekezana njia. Hoja inayojengwa ni kuwa mtu anapofariki, nyumba ya matanga husalia. Jamii ya mtandaoni inapofungwa, nyumba hiyo ndiyo inayokufa. Kwa hiyo, muda wa taarifa una uzito mkubwa katika kuamua ni kitu gani kitasalia na nani atakipata.

1.0 Utangulizi

Tangu Jenkins (1992) alipoonesha kuwa mashabiki si wapokeaji tu wa kazi za sanaa bali ni watunzi, wafasiri na wahifadhi wake, tafiti nyingi zimeeleza namna jamii hizo zinavyoanzishwa na kustawi. Namna zinavyokwisha imeelezwa kwa uchache zaidi. Williams (2015) ameshughulikia ushabiki unaoendelea baada ya kazi inayoshabikiwa kukoma, kwa mfano tamthilia ya televisheni inapofikia sehemu yake ya mwisho. Hata hivyo, kukoma kwa kazi na kukoma kwa mahali pa kukutania ni mambo mawili. Tamthilia ikiisha, mashabiki wake huendelea kukutana walipozoea kukutana na kuizungumzia. Mahali pakifungwa, hata wale wanaotaka kuendelea hawana pa kukaa.

Tukio la aina hii ya pili si la nadra. GeoCities, iliyonunuliwa na Yahoo mwaka 1999 ikiwa na kurasa nyingi za mashabiki, ilifungwa nchini Marekani tarehe 26 Oktoba 2009. Yahoo Groups, ambayo kwa karibu miongo miwili ilihifadhi hadithi na mijadala ya mashabiki, ilitangaza Oktoba 2019 kuwa maudhui yake yangeondolewa, na Desemba 2020 huduma yenyewe ikafungwa. Kwa mmiliki, hilo ni hitimisho la huduma isiyolipa. Kwa wanajamii, ni kuvunjika kwa kijiji.

2.0 Dhana ya Kuaga

Kiswahili kinatoa msamiati unaosaidia kutenganisha mambo ambayo aghalabu huchanganywa. Kuaga ni tendo la anayeondoka kwa wanaobaki. Huomba ruhusa, nao humwachilia. Ndiyo maana hata kifo huitwa kuaga dunia: mmoja anakwenda, dunia inabaki. Kuagana ni tendo la pande mbili, ambapo kila mmoja ni mwondokaji na mwachwaji kwa wakati uleule. Mwanajamii mmoja anapochoka na kuandika ujumbe wake wa mwisho, anaaga. Jukwaa zima linapofungwa, hakuna abakiye wa kuagwa. Kilichopo ni kuagana.

Kwa msingi huo, mwisho wa uanajamii wa mtandaoni unaweza kugawanywa katika aina tatu. Aina ya kwanza ni kuondoka, yaani mtu mmoja kujitoa. Ya pili ni kuhama, yaani kundi kuchukua mazoea yake na kwenda kwingine. Ya tatu ni kufungiwa, yaani mwenye mamlaka kufunga mlango bila ridhaa ya waliomo. Aina hizi huingiliana, na mara nyingi kufungiwa huzaa kuhama. Pearce (2009) alionesha hilo alipofuatilia wachezaji wa mchezo wa Uru. Baada ya sehemu ya mtandaoni ya mchezo huo kufungwa Februari 2004, walihamia There.com na Second Life huku wakiendelea kujitambulisha kuwa ni watu wa Uru.

Van Gennep (1909) alieleza kuwa kaida za mpito zina hatua tatu: kutengwa na hali ya zamani, kukaa ukingoni, na kupokewa katika hali mpya. Mkabala huu unafaa kwa sababu unaelekeza jicho kwenye muda wa ukingoni, yaani kipindi kati ya tangazo na ufungaji. Ni katika kipindi hicho kuagana hufanyika.

3.0 Kufungwa kwa City of Heroes

City of Heroes ulikuwa mchezo ambamo maelfu ya watu kwa wakati mmoja waliongoza wahusika mashujaa katika mji wa kubuni uitwao Paragon City. Kila mchezaji alimbuni mhusika wake: jina, vazi, uwezo na hadithi ya maisha. Ulitengenezwa na Cryptic Studios na kuchapishwa na NCsoft, kampuni ya Korea Kusini, ambayo baadaye iliuweka chini ya studio yake iitwayo Paragon Studios, California.

Ni muhimu kueleza namna mchezo wa aina hii unavyofanya kazi, kwa kuwa ndipo chanzo cha upotevu kilipo. Kompyuta ya mchezaji huhifadhi programu na picha: majengo, barabara, mavazi. Seva ya kampuni huhifadhi yale yanayoufanya mji uwe na watu: nani yupo, yuko wapi, amefanya nini na ni rafiki wa nani. Seva ikizimwa, picha hubaki katika kompyuta ya kila mmoja, lakini watu hutoweka. Mchezaji hakumiliki mhusika aliyemtunza kwa miaka minane; alikuwa na ruhusa tu ya kumtumia.

Tarehe 31 Agosti 2012 ilitangazwa kuwa studio inafungwa na kuwa mchezo ungezimwa kabla mwaka haujaisha; tarehe iliyowekwa hatimaye ikawa 30 Novemba. Wachezaji wakawa na siku 91. Watengenezaji walipoteza kazi zao kwa tangazo hilohilo. Kwa hiyo waliotunga mji na walioukaa walijikuta upande mmoja wa msiba.

Mwitikio ulikuwa wa namna mbili. Namna ya kwanza ilikuwa kupinga: ombi la kutaka mchezo usifungwe lilipata saini zaidi ya 20,000. Namna ya pili ilikuwa kukusanyika. Septemba 2012 wachezaji walifurika Atlas Park, eneo ambako wengi walianzia safari zao, wakasimama mbele ya sanamu ya Atlas huku wahusika wao wakiwa wameshika mienge. Mikusanyiko iliendelea hadi usiku wa mwisho. Hakukuwa na adui wa kushindwa wala tuzo ya kupata. Watu walisimama pamoja mpaka mawasiliano na seva yalipokatika.

4.0 Kazi Tatu za Kuagana

4.1 Kushuhudia

Kazi ya kwanza ni kuthibitisha kuwa jamii ilikuwepo. Jamii ya kijiji huthibitishwa na makaburi, miti iliyopandwa na majina ya njia. Jamii ya mtandaoni haina alama hizo nje ya seva. Kusimama na mwenge mbele ya sanamu kulikuwa ushahidi ambao kila aliyehudhuria alimpa mwenzake: ulikuwa hapa, nami nilikuona. Ndiyo maana picha za skrini na video za siku hizo zilihifadhiwa kwa wingi. Kumbukumbu ya pamoja ilihitaji kitu cha kushikika.

4.2 Kugawana mirathi

Kazi ya pili ni kuamua nani atabaki na nini. Kundi la kujitolea liitwalo Titan Network lilitoa programu ya kunakili taarifa za wahusika kutoka mchezoni. Lilitoa pia programu nyingine iliyomwezesha mtu kubuni mavazi na kutembea katika ramani za mji bila seva. Programu hiyo ya pili inafafanua vizuri asili ya upotevu: mji wote ulikuwepo, lakini haukuwa na mtu hata mmoja. Mirathi ya vitu iliokolewa kwa sehemu. Mirathi ya uhusiano haikuweza kunakiliwa kwa programu.

Mgawanyo huo haukuwa wa haki kwa wote. Methali isemayo kuwa asiyekuwepo na lake halipo inatekelezwa hapa bila huruma. Mchezaji ambaye hakusikia habari ndani ya siku 91, kwa ugonjwa, vita, kukosa intaneti au kwa kuwa alikuwa amepumzika, alirudi akakuta mlango umefungwa na jina lake halipo.

4.3 Kuelekezana njia

Kazi ya tatu ni ya vitendo zaidi. Wanajamii wengi walifahamiana kwa lakabu pekee. Mtu aliweza kumfariji mwenzake aliyefiwa, akacheza naye kila wiki kwa miaka, bila kujua jina alilopewa na wazazi wake. Mahali pakifungwa, lakabu huwa ufunguo usio na kufuli. Kuagana kukawa ndio wakati wa mwisho wa kupeana anwani na kuamua pa kukutania. Fiesler na Dym, katika utafiti wao wa mwaka 2020 kuhusu mashabiki kuhama majukwaa, wanabainisha kuwa watu huhama kwa kufuatana, na kuwa kila uhamaji hugawanya kundi: wachache hufika pamoja, wengine husambaa.

5.0 Matanga Bila Nyumba

Katika jamii za Waswahili, msiba una nyumba. Wafiwa wanajulikana walipo; majirani huja, hupika, hukesha, na baada ya siku zilizowekwa matanga huanuliwa. Huzuni hupewa mipaka ya mahali na muda. Mwanajamii wa mtandaoni hana nyumba hiyo. Baada ya usiku wa 30 Novemba 2012, mahali ambapo wafiwa wangekutana kuomboleza mji ndipo palipokuwa pamezimwa. Zaidi ya hayo, majirani wa karibu hawakuitambua huzuni hiyo kuwa msiba. Mtu aliyekuwa akilia nyumbani kwake aliweza kuambiwa kuwa ule ulikuwa mchezo tu.

Kwa sababu hiyo, kuagana mtandaoni hulazimika kutangulia kifo. Yanayofanyika baada ya mazishi katika msiba wa kawaida hufanyika kabla: kusimulia maisha ya marehemu, kusameheana, kugawa vitu. Muda wa ukingoni ukiwa mfupi, kazi hizi hubanwa au hukosekana.

Historia ya baadaye ya City of Heroes inatia ugumu katika picha hii. Wapo waliojaribu kujenga upya. Mradi wa City of Titans ulichangiwa na umma zaidi ya dola 600,000 mwaka 2013. Kisha, Aprili 2019, ikafichuka kuwa mchezo wenyewe ulikuwa umeendeshwa kwa siri na kundi dogo kwa takriban miaka sita, katika seva ambayo wengi hawakuambiwa. Furaha na hasira vilikuja pamoja. Waliokuwa wameweka matanga waligundua kuwa marehemu alikuwa hai katika chumba cha ndani, na kuwa waliochaguliwa walikuwa wakimtembelea. Waliotunza siri walikuwa na hofu ya kisheria, kwa kuwa hatimiliki ilibaki kwa NCsoft. Lakini hoja hiyo haikufuta swali lililowauma wengi: nani aliyewapa wachache haki ya kuamua nani aendelee kulia?

Msimbo wa mchezo ulipowekwa wazi, seva za wachezaji ziliibuka, mojawapo ikiitwa Homecoming. Januari 2024 Homecoming ilitangaza kuwa NCsoft imeipa leseni. Mji ulirejea kihalali baada ya zaidi ya miaka 11. Hata hivyo, kilichorejea ni mahali. Mtu aliweza kumuumba upya mhusika wake kwa jina na vazi lilelile, ila hakuweza kuwaumba upya waliokufa, waliosambaa au wasiotaka tena kurudi. Kwa lugha ya van Gennep, hatua ya kupokewa iliwahusu wale tu waliokuwa wamesubiri ukingoni.

6.0 Athari kwa Uhifadhi na Utafiti

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baadhi ya mashabiki wamechukua hekima hiyo kama mpango wa kazi. GeoCities ilipokuwa inafungwa, kundi la Archive Team lilinakili sehemu kubwa ya kurasa zake. Shirika la Organization for Transformative Works, lililoanzishwa mwaka 2007, linaendesha hifadhi ya hadithi za mashabiki katika seva zake lenyewe, na mradi wake wa Open Doors hupokea hifadhi ndogo zilizo hatarini. Msimamo wake ni kuwa mashabiki wakimiliki seva, hawatafungiwa na mtu mwingine.

Uhifadhi nao una upande wake wa pili. Kundi la siri lililoandikwa kwa ajili ya watu 40 halikuandikwa kwa ajili ya umma. Kijana wa mwaka 1998 aliyeandika kwa jina lake halisi huenda leo asipende kupatikana. Kunakili kila kitu kunaokoa jamii na huenda kukamsaliti mwanajamii. Mtafiti anayetumia data ya jukwaa lililofungwa hukutana na ugumu wa ziada, kwa sababu hawezi tena kumwomba ridhaa mwandishi ambaye lakabu yake haielekezi popote. Onyo hili linawahusu pia watafiti wa Kiswahili wanaokusanya matini kutoka majukwaa ya kampuni binafsi. Ridhaa na nakala havina budi kutafutwa jukwaa likiwa hai, na tasnifu isitegemee mahali ambapo mwenye ufunguo ni mwingine.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa kuaga jamii ya mashabiki mtandaoni ni tendo la kijamii lenye kazi mahususi: kushuhudia, kugawana mirathi na kuelekezana njia. Siku 91 za City of Heroes ziliwezesha kazi hizo kwa kiasi, na ndizo zilizoacha watu wenye uwezo wa kupeana habari mji uliporejea. Inafuata kuwa mmiliki wa jukwaa anapotaka kufunga, deni lake la kwanza kwa wanajamii ni muda wa kutosha, njia ya kuchukua kilicho chao na tarehe isiyobadilikabadilika. Deni hilo halitambuliwi katika mikataba mingi ya watumiaji, ambayo huhesabu kinachozimwa kuwa ni huduma. Waliosimama Atlas Park na mienge hawakuwa na hati ya kumiliki chochote pale. Walichokuwa nacho ni wenzao, na siku 91 za kujuana majina.