Kufuma Soksi kwa Mkono

Mguu wa mwanadamu si kama mti ulionyoka. Hushuka kutoka gotini hata kwenye kifundo, kisha hupinda na kwenda mbele, na hapo unapopinda pana kisigino kilichotokeza nyuma. Basi mtu atakaye kufuma soksi sharti akumbuke ya kuwa kazi yake ni kufanya bomba la uzi, na bomba hilo lipate kupinda lenyewe bila kukatwa wala kushonwa. Ugumu wote wa kazi hii u katika kisigino. Mengine ni subira tu.

Ufundi huu ni wa zamani. Katika nchi ya Misri zimeonekana soksi za sufu zilizofanywa zaidi ya miaka 1500 iliyopita, nazo zimegawanyika mbele mahali pawili, kidole gumba peke yake na vidole vingine peke yake, ili mwenye kuzivaa aweze kuvaa na viatu vya kanda. Hizo zilifanywa kwa sindano moja yenye tundu, si kwa namna ya leo. Katika mwaka 1589 Mwingereza mmoja, William Lee, alibuni mashine ya kufumia soksi, na tangu siku hizo mashine zimeendelea hata leo karibu soksi zote za madukani ni kazi yake. Walakini kazi ya mkono haikufa. Mashine hufuma mguu wa kila mtu. Mkono hufuma mguu wa mtu mmoja, ambao umepimwa.

Tena iko miaka ambayo soksi zilikuwa jambo la uzima. Katika vita vya 1914 hata 1918 askari walikaa siku nyingi ndani ya mahandaki yaliyojaa maji na tope la baridi. Miguu yao ilivimba, ikafa ganzi, ikageuka rangi, na wengine walioza miguu hata ikakatwa. Majeshi yakaamuru askari wakaushe miguu na kubadili soksi, na huko Uingereza na Marekani wanawake, watoto wa shule na wazee wakaketi kufuma. Soksi iliyofumwa vibaya ilikuwa hatari hata kama ni kavu, kwani penye mkunjo ngozi huchubuka, na penye mchubuko uchafu huingia.

Mwanafunzi apate kwanza sindano 5 fupi, zilizochongoka pande zote mbili. Nne hushika kazi, na ya tano hufuma. Uzi mwema ni wa sufu nyembamba iliyosokotwa sana. Siku hizi wengi huchanganya nailoni kidogo ndani yake ili kisigino kisitoboke upesi. Uzi wa pamba wafaa penye joto, illakini haunyumbuki kama sufu, na soksi yake hulegea.

Kisha apime. Utepe wa kupimia huzungushwa mahali palipo panene pa mguu, nyuma ya vidole. Tuseme ni inchi 9. Halafu afume kipande kidogo cha kujaribia, ahesabu vitanzi vingapi vimeingia katika inchi moja. Wako wasemao ya kuwa kipande hicho ni kupoteza uzi na wakati. Hao ndio wanaofumua sana baadaye. Mkono wa mtu mmoja huvuta uzi kwa nguvu, wa mwingine huulegeza, na sindano zile zile zikatoa soksi mbili zisizofanana. Ikiwa vimeingia vitanzi 8, basi inchi 9 ni vitanzi 72. Lakini soksi yenye vitanzi 72 itamzunguka mtu huyo kama mfuko, kwa kuwa kitambaa cha kufumwa hunyumbuka. Yapasa kuondoa kama sehemu moja ya kumi. Hubaki karibu 65, naye atachukua 64, kwa sababu hugawanyika kwa 4: vitanzi 16 katika kila sindano.

Anapounga mzunguko wa kwanza aangalie vitanzi vyote vielekee upande mmoja. Vikipindana, bomba lote litapindana, wala hakuna dawa ila kufumua. Inchi mbili za juu hufumwa viwili kwa uso na viwili kwa kinyume, hata ikaonekana mistari kama mbavu; hiyo ndiyo inayoshika mguu soksi isishuke. Chini yake hufumwa kwa uso tu, mzunguko juu ya mzunguko, hata urefu upendezao.

Sasa kisigino. Nusu ya vitanzi, yaani 32, hufumwa peke yake kwenda na kurudi, na nusu nyingine hungoja. Kila safu kitanzi cha kwanza huhamishwa bila kufumwa. Baada ya safu 32 pana kitambaa cha mraba kinachoning'inia nyuma, na kila ukingo wake una vitanzi 16 virefu vilivyo wazi kama mnyororo.

Kisha kitambaa hicho hufanywa kikombe. Mfumaji hufuma vitanzi 18, hufuma viwili pamoja, kisha kimoja, naye hugeuza kazi ingawa 11 vingali vinangoja sindanoni. Akirudi kwa kinyume huhamisha kimoja, hufuma 5, hufuma viwili pamoja, kisha kimoja, hugeuza tena. Pale alipogeukia huonekana mwanya mdogo. Tangu hapo kila safu huzidi iliyotangulia kwa kitanzi kimoja, na vile viwili vinavyofumwa pamoja ni kimoja cha huku na kimoja cha ng'ambo ya mwanya. Mwisho hukosekana kile kimoja cha baadaye, si kosa. Vyote vikiisha hubaki 18, na kitambaa kimejikunja chenyewe kikawa na tumbo. Wanafunzi wengi hawasadiki mpaka wakione mkononi, maana kwa maneno chaonekana kama kosa: mtu huacha kazi katikati na kurudi alikotoka. Lakini ni kurudi huko kunakokaza pande na kuacha katikati kutokeze.

Baadaye huokotwa vitanzi 16 kwa kila ukingo, navyo hufumwa kwa kupindwa kidogo ili yasiachwe matundu. Pamoja na 18 vya kisigino na 32 vilivyongoja, jumla ni 82. Ni vingi mno, nao wingi huo watakiwa, kwani hapo mguu ni mnene kutoka kisigino hata juu ya kifundo. Hupunguzwa viwili, kimoja kila upande, baada ya kila mzunguko mmoja, mara 9, hata vikarudi 64.

Wayo hufumwa bila shida. Soksi iwe fupi kuliko mguu kwa nusu inchi, ili ivutike kidogo na kukaa. Mguu wa inchi 10 wataka soksi ya inchi 9 na nusu. Na kwa kuwa ncha ya vidole huchukua karibu inchi 2, kupunguza kwa vidole huanza katika inchi 7 na nusu. Huko hupunguzwa vinne kwa mara, hata vikabaki 16: 8 vya juu na 8 vya chini. Hivyo huunganishwa kwa sindano ya kushonea, uzi ukifuata njia ya kitanzi, pasiwe na kinundu cha kuumiza vidole. Mshono huo waitwa hata leo kwa jina la Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza aliyekufa mwaka 1916.

Mfumaji mwenye akili huandika hesabu ya mizunguko yote kabla ya kuanza soksi ya pili, kwani macho hayapimi sawa jana na leo. Na soksi za sufu zifuliwe kwa maji ya uvuguvugu bila kusuguliwa. Zikitiwa katika maji ya moto na kupigwa kama nguo za pamba, sufu hujikaza wala hairudi tena, na soksi iliyomkaa baba vema itamfaa mtoto wake mchanga.