Kiwanja cha mawe: upande waridi, bogenvilia au pesheni?

Wale wa Mwanza, Rock City, hii inawahusu moja kwa moja. Wa kwingine kwenye miamba nanyi msiondoke.

Kule milimani viwanja vingi ni mawe juu ya mawe. Mtu akipata kiwanja analiona jiwe kama adui: analichoma moto, analipasua, anauza kokoto. Hela inapatikana, sawa. Lakini kwenye mteremko jiwe hilo ndilo linashikilia udongo. Likiondoka, masika yakija udongo unaishia kwa jirani wa chini. Mbona usiliache, ukalivalisha mmea unaotambaa? Swali ni upi.

Kwanza ujue kila mmea una staili yake ya kupanda. Pesheni ina vinyuzi vinavyojisokota kwenye waya au fito. Waridi na bogenvilia hazina vinyuzi, zinaegemea tu na kujishikiza kwa miiba. Kwa hiyo kwenye jiwe laini zitaanguka usipozifunga kwenye waya.

WARIDI
Zuri kwa macho, ila lina masharti. Linataka jua kama masaa sita kwa siku na udongo wenye kina. Chomeka nondo ardhini: ikigonga mwamba kabla ya sentimita 45, jenga kwanza kiukuta cha mawe ujaze udongo. Kitaluni uliza kama ni waridi la kupanda, maana mengi ni ya kichaka na hayafiki juu. Likikua, laza matawi kwa ubavu. Tawi likisimama wima, ncha yake inazuia macho ya chini yasichipue, na maua yanatoka juu tu. Ukililaza, macho yote yanaamka. Mwagilia shinani, sio majanini, kupunguza ugonjwa wa madoa meusi.

BOGENVILIA
Hii ndiyo ngangari. Asili yake ni Amerika Kusini, na jina limetokana na baharia Mfaransa wa karne ya 18, Louis Antoine de Bougainville. Ile rangi tunayoiita ua ni majani, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Ikishashika mizizi inavumilia ukame na udongo kiduchu. Ukizidisha maji na mbolea utapata majani matupu. Ina miiba mikali, iweke mbali na njia wanapopita watoto.

PESHENI
Kwa mwenye mfuko mwepesi, mbegu za tunda ulilokula zinatosha kuanzia, na baadaye unakunywa juisi. Ila inapenda maji na samadi, na baada ya miaka michache inachoka, unapanda upya.

WAPI UCHIMBE
Usipande juu ya jiwe, panda mguuni pake. Mvua ikinyesha, maji yote ya jiwe yanateremkia hapo bure. Chagua upande unaopata jua la asubuhi, kwa sababu jiwe lililopigwa na jua la mchana linaunguza mche mchanga. Changanya udongo na samadi iliyooza, panda vuli zinapoanza, kisha funika shina kwa nyasi kavu.

TAHADHARI
Usichimbe kabisa chini ya jiwe lililokaa juu ya lenzake au lililoshikiliwa na udongo tu. Ua haliwezi kuzidi uhai wa mtu. Pia alamanda, yale maua ya njano, utomvu wake una sumu na unawasha, hivyo kwenye nyumba yenye watoto fikiria mara mbili.

Kwa kifupi: maji shida na udongo kidogo, chukua bogenvilia. Maji yapo na unataka faida, pesheni. Una muda wa kuhudumia, waridi.

Mwenye uzoefu wa miamba ya kwao atumwagie kwenye maoni hapo chini. Naomba kuwasilisha.