Mwendo wa Wimbo Ndani ya Santuri Kuukuu

Mwendo wa wimbo, yaani wepesi wa mapigo yake, ni jambo ambalo msikilizaji wa santuri za zamani hudhani analipokea kutoka kwa mwimbaji mwenyewe, ilhali kinachomfikia kwanza ni mwendo wa mashine. Gramafoni za kutia ufunguo zilikuwa na tabia hiyo hadharani: springi ikilegea kabla wimbo haujaisha, mwimbaji alisikika kama mtu anayesinzia, na sauti yake ikazidi kuwa nzito.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Fumba, Unguja, alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa chapa ya His Master's Voice. Santuri za wakati huo huitwa za 78, kwa maana ya mizunguko 78 kwa dakika, ingawa kasi hiyo haikufuatwa sawasawa kila mahali. Iwapo wimbo wa dakika 3 uliorekodiwa kwa mizunguko 78 utachezwa kwa 74, utarefuka kwa takribani sekunde 10, na sauti itashuka karibu nusu toni, ambayo ndiyo hatua ndogo kabisa kati ya vibonyezo viwili vya piano vinavyofuatana.

Kwa piano kosa hilo la kasi hugunduliwa kwa urahisi zaidi. Mtunzi Edvard Grieg wa Norway alipopiga tungo zake mwenyewe jijini Paris mwaka 1903, noti zilikuwa zimekwisha kuandikwa, na piano haibadili sauti yake katikati ya kipande. Hivyo mtaalamu hurekebisha mzunguko mpaka sauti ilingane na maandishi, kisha ndipo ahukumu kama mpigaji aliharakisha au alijivuta kwa makusudi. Udi, ala ya nyuzi inayopigwa katika taarabu, hautoi ushahidi wa namna hiyo, kwa kuwa nyuzi zake huweza kukazwa au kulegezwa zifuate koo la mwimbaji. Hapo hubaki kulinganisha santuri zilizorekodiwa siku moja, na kusikiliza kama pumzi na matamshi ni ya mtu wa kawaida.

Wapo wanaodai kwamba ufinyu wa santuri, ambayo upande wake mmoja wa inchi 10 ulichukua kama dakika 3 tu, uliwalazimisha waimbaji kukimbia. Dai hilo lina ukweli kiasi, lakini halipaswi kupokelewa kwa pupa, maana mwenye wimbo mrefu huacha beti mbili kwa wepesi zaidi kuliko anavyobadili mapigo ambayo kundi zima limeyazoea.

Kwa hiyo anayesikiliza taarabu ya Siti kwa simu akiwa Chanzuru, wilayani Kilosa, anasikia pia uamuzi wa aliyeihamisha kutoka kwenye santuri. Mwenye kufanya kazi hiyo na aandike kasi aliyoitumia, ili atakayekuja baadaye aweze kuisahihisha.