Upara wa mwanamke si jambo la kuchekwa

Muhula mmoja wa kwanza, miaka kadhaa iliyopita, niliingia katika kidato cha pili kufunza Kiswahili nikamkuta msichana amevaa kofia ya sufu ilhali jua la Februari lilikuwa likichoma mabati ya darasa. Sheria za shule zilikuwa wazi, nami nikamwamuru aivue. Alisita, akanitazama kwa macho ya kusihi, lakini nikapandisha sauti. Alipoivua, darasa zima likaangua kicheko. Nywele zake zilikuwa zimebaki haba mno, ngozi ya kichwa ikionekana kila upande. Siku mbili zilizofuata hakutia mguu darasani.

Kabla ya jua kutua siku ile, uvumi ulikuwa umekwisha kuenea bwenini. Wako walionong'ona kuwa ana ukimwi, wako waliosema amepagawa, na wako waliodai amerogwa kwa sababu ya kuongoza katika mtihani. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza yeye mwenyewe.

Kilichonitia haya zaidi ni kwamba yaliyomfika yalikuwa yamenifika mimi. Miezi mitatu baada ya kujifungua mwanangu wa kwanza, nilikuwa nikiokota mafungu ya nywele katika kitana na juu ya mto. Nilijifunga kilemba kwa miezi mitano nikienda kazini, wala hapana mkuu wa shule aliyeniamuru nikifungue mbele za watu. Mwalimu alistiriwa, mwanafunzi akavuliwa nguo za heshima yake. Ama kweli, nyani haoni kundule.

Nilimwomba radhi msichana yule mbele ya darasa lile lile, kisha tukampeleka hospitalini. Daktari hakumwuliza amekula nini jana. Alimwuliza yaliyompata miezi mitatu nyuma. Binti akasema kuwa wakati wa likizo ya Desemba alilazwa kwa malaria kali. "Basi jibu ndilo hilo," daktari akasema.

Msomaji wangu, hapa pana somo linalofaa kuandikwa ubaoni. Kichwa cha binadamu kina takriban nywele 100,000. Kila unywele hukua kwa miaka kati ya 2 na 6, hupumzika kwa muda wa miezi mitatu hivi, kisha huanguka ili mwingine uchipuke. Ndiyo maana kupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku si ugonjwa. Mwili unapopatwa na mshtuko mkubwa, kama vile homa kali, upasuaji, uzazi, njaa au msiba mzito, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja. Miezi miwili au mitatu baadaye huanguka kwa pamoja, wakati mgonjwa amekwisha kupona na kusahau. Mtu hutafuta mchawi wa leo, kumbe chanzo ni cha juzi. Aghalabu nywele hizo hurudi zenyewe.

Hata hivyo, si kila upara huwa na asili hiyo, na mahali nywele zinapotoka huweza kutupa fununu. Zikipungua kichwani kote, daktari hupima pia upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma, hasa kwa msichana mwenye hedhi nzito, pamoja na matatizo ya tezi ya koo. Zikitoka kwa viraka vya mviringo vilivyo laini, huenda kinga ya mwili imegeuka kuyashambulia mashina ya nywele. Viraka vyenye magamba na mwasho kwa watoto mara nyingi ni mapunye, maradhi ya kuvu yanayoambukizwa na yanayotibika kwa dawa za kumeza. Zikipungua polepole utosini mtu anapozidi umri, huenda ni urithi wa ukoo.

Kisha kuna upara tunaojitafutia wenyewe, nao huanzia panjani na kwenye ukingo wa paji la uso. Huletwa na kusukwa kwa kukazwa mno na kwa kubebeshwa nywele za bandia nzito. Si maradhi ya Waafrika pekee. Madaktari waliyaeleza mwaka wa 1907 baada ya kuwaona wanawake wa Greenland waliofunga nywele zao kwa kuzivuta sana. Huko Cape Town, utafiti wa Daktari Nonhlanhla Khumalo na wenzake ulionyesha kuwa takriban mwanamke mmoja kati ya watatu waliochunguzwa alikuwa na upara wa aina hii, na kwamba miongoni mwa wasichana wa shule uliongezeka kadiri walivyokua. Hatari huzidi nywele zilizolainishwa kwa dawa kali zinaposukwa. Ubaya wake ni kuwa ukigunduliwa mapema hurekebishika, lakini mvuto ukiendelea kwa miaka, shina hufa na kovu likabaki. Hapo hakuna mafuta ya chupa yatakayolifufua.

Kwa hiyo nawasihi wasichana wanaonisoma: mkiona vipele vidogo baada ya kusukwa, au mkilala usiku kucha kichwa kikiwanga, mwambieni msusi afumue. Tumelelewa tukiambiwa kuwa urembo una uchungu wake na tuvumilie. Mimi nasema maumivu hayo ni mwili unaolalamika. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nanyi walimu wenzangu, hamna budi kutekeleza sheria za shule, nami sipingi nidhamu. Lakini kabla ya kumvua mtoto kofia mbele ya wenzake, mwiteni kando mkamwulize. Nywele zilianza kutoka lini? Zinatoka wapi? Nini kilitokea miezi mitatu kabla? Maswali hayo matatu hayagharimu hata senti, nayo yatamsaidia daktari kuliko uvumi wote wa bwenini.

Kufikia muhula wa tatu, msichana yule alikuwa na nywele fupi nyeusi zilizofunika kichwa chote. Siku moja alinifuata nje ya chumba cha walimu akaniambia, "Mwalimu, siku ile nilidhani ninakufa, na kila mtu anajua isipokuwa mimi." Nywele zake zilihitaji miezi michache tu kurudi. Sina hakika kama kicheko cha siku ile kimepata kumtoka moyoni.