Uchungu wa Kuzaa: Tusimwache Mwenzetu Peke Yake

Usiku mmoja wa mwezi wa Julai, baridi ya Vwawa ikiwa kali kama tuijuavyo, aliingia wodi ya wazazi mama mmoja mwalimu mwenye mimba ya tatu. Alisindikizwa na wifi yake. Nyaya nyembamba zilitokea mgongoni mwake chini ya kitenge, na mkononi alishika kidude kama simu ndogo. Sisi tuliokuwa zamu tukatazamana. Mmoja wetu akamwambia aweke simu pembeni kwanza apimwe.

“Si simu, sista,” akajibu, akacheka kidogo kabla uchungu mwingine haujamshika. “Ni mashine ya kupunguza uchungu. Mdogo wangu aliniletea kutoka Uingereza.”

Mashine yenyewe huitwa TENS. Wengi wetu tuliisoma chuoni kwa mistari michache, lakini hatukuwahi kuiona ikitumiwa leba. Usiku ule ilitufundisha jambo ambalo tungependa kila mama alijue.

MASHINE HII HUFANYAJE KAZI?

Ni kifaa kidogo cha betri. Kina vibandiko vinne vyenye gundi: viwili hubandikwa pande mbili za uti wa mgongo, usawa wa mkanda wa sidiria, na viwili chini, juu kidogo ya makalio. Umeme hafifu hupita kwenye ngozi, na mama husikia kama anatekenywa au anachomwachomwa na visindano visivyoumiza. Uchungu ukija, hubonyeza kitufe ili nguvu iongezeke, ukipita, huipunguza. Hakuna dawa inayoingia mwilini mwake wala kumfikia mtoto.

Kwa nini kutekenywa kupunguze maumivu? Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama geti. Habari za maumivu hupita hapo kwenda kwenye ubongo. Mnaopita Tunduma mnajua malori yanavyopanga foleni mpakani. Habari nyingine zikijaa getini, kama za kusuguliwa au kutekenywa, zile za maumivu hukwama nyuma, na chache tu hupita. Ndiyo maana mtoto akijigonga, mama humsugua palepale, naye hunyamaza. Hatukuhitaji shule kulijua hilo.

Tuseme ukweli: mashine hii haiondoi uchungu wote. Uchunguzi uliokusanya majaribio mengi na kutolewa mwaka 2009 ulikuta ushahidi mdogo kwamba inapunguza maumivu ya leba. Hata hivyo, wengi walioitumia walisema wangependa kuitumia tena. Anayeitumia huanza mapema, uchungu ukiwa bado mdogo. Haitumiwi majini, haibandikwi tumboni, wala haimfai mwenye kifaa cha kuendesha moyo. Mwenye kifafa, au ambaye mimba yake haijafikisha wiki 37, asiiguse bila ushauri wa daktari.

JE, NI DHAMBI KUPUNGUZIWA?

Wapo wanaotuuliza swali hili hata kanisani, wakitaja sura ya 3 ya kitabu cha Mwanzo. Si swali jipya. Mwaka 1847 daktari James Young Simpson wa Edinburgh alianza kuwapa wazazi dawa ya klorofomu, na baadhi ya watu wakampinga kwa kutumia sura hiyohiyo. Yeye aliwarudisha sura ya 2, ambapo Mungu mwenyewe alimletea Adamu usingizi mzito kabla ya kumtoa ubavu. Mwaka 1853 Malkia Victoria wa Uingereza alitumia dawa hiyo akimzaa mwanawe Leopold, na kelele zikapungua.

Sisi tungeongeza hili: sura hiyohiyo ilimtajia Adamu miiba na jasho. Mbona hapa Mbozi waume zetu wanalima kwa ng'ombe na trekta, na hakuna anayewaita wenye dhambi?

KOSA LETU

Nasi wauguzi tuna la kukiri. Kwa miaka mingi tumezoea kumwambia mama, “Vumilia, wenzako wanazaa.” Wengine wetu tumetoa maneno makali kuliko hayo, na wifi au mama mzazi tukamwacha nje mlangoni na chupa yake ya uji.

Matokeo yake tunayaona. Mama anayeogopa uchungu, na zaidi anayeogopa kuwa peke yake na uchungu, hukaa nyumbani mpaka dakika ya mwisho. Wengine hunywa dawa za kienyeji za kuongeza uchungu ili wafike mtoto akiwa mlangoni. Dawa hizo zaweza kukaza mji wa mimba kupita kiasi, mtoto akakosa hewa, hata mji wenyewe ukapasuka. Hapo tunaweza kumpoteza mama na mtoto kwa pamoja.

BETRI ILIPOKWISHA

Turudi kwa mwalimu wetu. Tulipompima, njia ilikuwa imefunguka sentimita 6, naye alikuwa akitembea na kuzungumza. Kama saa nane za usiku, kile kidude kikazima. Betri zimekwisha, na maduka yote yamefungwa. Uchungu uliofuata ulimwangusha magoti, akalia kwa sauti.

Usiku ule vitanda vingine vilikuwa wazi, tukamruhusu wifi yake aingie. Tukamwonyesha mahali vile vibandiko vya chini vilipokuwa, akakaza ngumi na kukandamiza kwa nguvu kila uchungu ulipokuja. Mwalimu alimwegemea mmoja wetu, akipumua polepole. “Hapo hapo, wifi, usitoe!” Ndivyo alivyosema mpaka alfajiri, mtoto wa kike alipozaliwa akilia vizuri. Geti lile lile lilifungwa kwa mkono wa mtu.

MAMBO UNAYOWEZA KUFANYA

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mzazi awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe. Mkoani Kigoma, shirika la Thamini Uhai lilijaribu utaratibu huo katika vituo vya serikali kuanzia mwaka 2016 hadi 2018. Kwa hiyo linawezekana hapa kwetu.

Mkiwa kliniki, ulizeni mapema kama msindikizaji anaruhusiwa. Wodi nyingi ni chumba kimoja cha wazazi wengi, hivyo mwanamke mwenzako hukubaliwa kwa urahisi zaidi. Chagua mtu mtulivu, asiyesimulia habari za waliokufa. Mfundishe nyumbani kukukanda kiuno kwa ngumi au kiganja. Kitambaa kilicholowekwa maji ya moto na kukamuliwa vizuri, kisiunguze ngozi, husaidia pia. Tembea, inama, piga magoti; usilale chali muda wote. Vuta pumzi kwa pua, itoe taratibu kwa mdomo. Kunywa maji au uji mwepesi, isipokuwa umekatazwa na mkunga.

Baba naye asiachwe. Wiki za mwisho akande kiuno cha mkewe nyumbani. Usiku wa uchungu atafute usafiri mapema.

MSIYAFICHE HAYA

Uchungu wa kawaida huja na kupumzika. Maumivu yasiyoachia hata kidogo, damu nyingi, homa, maji ya kijani au kichwa kuuma sana na macho kuona giza si mambo ya kukandwa mgongo. Hayo ni ya kukimbizwa hospitali mara moja.

Akina mama wenzetu, wengi wetu hatutaipata mashine ya TENS, na tusihuzunike. Katika jumuiya zetu na vikundi vya akina mama tunapangiana zamu za kufagia kanisa na za kupika msibani. Tupangiane pia zamu ya kumsindikiza mjamzito, hasa binti anayezaa mara ya kwanza na yule asiye na ndugu karibu. Nasi wauguzi tunaahidi kufungua mlango kila nafasi inaporuhusu. Mungu awape uzazi salama.