Karatasi za Mashine Mpya

Mwaka 1871 Dakta Livingstone aliishiwa karatasi na wino huko Nyangwe, Kongo. Akaandika habari zake juu ya gazeti kuukuu, kwa rangi ya mmea. Mwaka 1872 alikaa Kwihara, karibu na Tabora. Maandishi yale yalififia. Yalisomeka tena mwaka 2011, kwa kupigwa picha chini ya taa maalumu.

Siku hizi hati nyingi huchapwa kwa kompyuta. Je, hizi hazifutiki? Hufutika. Pale Tabora, Chuo cha Utumishi wa Umma hufundisha watunza kumbukumbu. Mtunzaji mzuri huuliza kwanza: karatasi hii ilichapwa na mashine gani?

Mashine nyingine hurusha matone ya wino. Wino huo mara nyingi huchuruzika ukilowa, na jua huufifisha. Nyingine huyeyusha unga mweusi kwa joto, ukashika karatasi. Unga huo hauogopi maji, lakini hunata kwenye plastiki na hubanduka penye mkunjo. Basi hati ya shamba usiikunje mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, kama wengi tufanyavyo! Ilaze ndani ya bahasha ya karatasi, mbali na jua na bati linalovuja.

Picha zikilowa, usizirundike. Zitagandana. Zianike kivulini, moja moja, uso juu.